Picha Isiwe Ng'onda

Nyote mnamjua ng'onda. Ni samaki aliyepasuliwa, akafunguliwa kama kitabu, akatiwa chumvi na kuanikwa juani hata akawa bapa. Huku kwetu Kismayu, na katika visiwa vya Wabajuni vilivyojipanga kusini yetu, Koyama, Chovai, Chula na vinginevyo, hapana nyumba ya mvuvi isiyomjua. Ng'onda ana kichwa, ana mkia, ana mapezi, na mtoto mdogo akimwona atamtaja kwa jina. Alichopungukiwa ni tumbo.

Jioni moja baada ya sala ya alasiri nilimwonyesha mke wa ami yangu picha niliyokuwa nimemchora mumewe kwa penseli. Nilikuwa nimeishughulikia kwa siku tatu. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole, maana si mtu wa kuvunja watu moyo: "Mwanangu, ni yeye kabisa. Lakini umemchora kama ng'onda."

Nilicheka pamoja naye, lakini neno lile lilinichoma. Ili mpate kuelewa kwa nini, yanipasa niwaeleze kwanza kilichonifanya nishike penseli.

Mimi ni mtumishi wa serikali, karani katika ofisi inayoandikisha vyombo vya uvuvi. Kabla ya hapo nilisomesha shule ya msingi kwa miaka minne, baada ya kupata cheti cha ualimu. Nilizaliwa Mombasa mwaka 1992, kwa kuwa wazazi wangu walikuwa miongoni mwa Wabajuni wengi waliovuka bahari kwenda Kenya vita vilipozidi Somalia mwaka 1991. Baba alifariki nikiwa na umri wa miaka minne. Simkumbuki uso wake. Nakumbuka kwamba nilibebwa begani, na kwamba bega lile lilikuwa pana. Zaidi ya hayo sina.

Picha yake iliyotoka nasi ni moja tu. Ilivuka bahari ndani ya mfuko wa nguo, na maji ya chumvi yakaufikia mfuko. Uso ulibabuka wote. Kilichosalia ni ukingo: mviringo wa kofia, mashavu mawili, shingo na mabega, na katikati weupe mtupu. Mama ameitunza hata leo ndani ya msahafu wa zamani. Tangu utotoni nimeitazama mara nyingi, na kila mara nimejiuliza namna mtu anavyoweza kubaki na mipaka yake yote ilhali yeye mwenyewe hayumo.

Ami yangu na baba ni ndugu wa tumbo moja. Mama husema kwamba sura zao zilitofautiana, lakini mwili ulikuwa mmoja: kifua kile kile, mikono ile ile, na namna ile ile ya kuketi. Basi nilipohamia Kismayu kikazi na kumkuta ami amezeeka, macho yake yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho, niliona kwamba nikichelewa nitapoteza hata mfano. Nilimwomba ruhusa nimchore, maana wako wazee wasiopenda jambo hilo. Yeye alicheka, akasema, "Chora, mwanangu. Mimi sina haja ya kujitazama tena." Sasa nadhani mnaelewa kwa nini neno ng'onda lilinichoma. Nilitaka kumpelekea mama mwili, nami nilikuwa nimetengeneza ukingo wa pili.

Katika mafunzo ya ualimu tulifundishwa kuchora katika kipindi cha sanaa na ufundi. Mkufunzi aliweka kopo juu ya meza, akatuamuru tuchore mstari wa nje, kisha tutie kivuli upande mmoja kwa kulaza penseli. Aliyepaka kivuli laini alipata alama nyingi. Sikumbuki kama yupo aliyetuambia kivuli kile kilikuwa na kazi gani. Nami nilipokuwa mwalimu niliwafundisha watoto vivyo hivyo, na vitabu vyao vikajaa makopo bapa yenye uchafu ubavuni. Ndivyo nilivyomchora ami: ukingo kwanza, kisha weusi kidogo kando ya pua, kwapani na chini ya kidevu. Ukingo ulikuwa sahihi. Weusi ulikuwa mahali pake. Lakini mtu hakuwamo.

Siku ya pili yake nilimsomea ami hukumu ya mkewe. Ami ni mzaliwa wa Chula, na katika ujana wake alikuwa fundi wa mashua. Hakucheka. Aliniuliza swali la kifundi: "Mimi nikikuchorea mashua mchangani kwa ubavu, omo huku na tezi kule, mkuku chini, utaniambia inabeba magunia mangapi?"

Nikajibu kwamba siwezi.

"Kwa nini huwezi?"

"Kwa sababu sioni upana wake, ami."

"Vema. Mashua mbili zinaweza kuwa na ubavu mmoja ukizitazama kwa mbali. Moja ina tumbo la kubeba mzigo, nyingine ni nyembamba, ya kukimbilia upepo. Ubavu haukwambii. Kitu kinachokwambia ni taruma."

Kwa faida ya wasomaji walio mbali na pwani, mataruma ni zile mbavu za mti zinazopinda kutoka ubavu mmoja wa chombo, zikapita chini juu ya mkuku, na kupanda ubavu wa pili. Huchongwa kwa miti iliyopinda yenyewe porini, ili nguvu ya mti ifuate mpindo wake. Ukisimama ndani ya mashua isiyo na sitaha, ukayatazama kuanzia omo hata tezi, utaona kila taruma lina umbo lake: la mbele ni kali kama herufi V, la katikati limefunguka kama bakuli, na la nyuma hujikunja tena. Ondoa mbao zote, uache mataruma peke yake, na bado utaiona mashua nzima ikiwa imekaa hewani.

Ami akamalizia: "Picha yako haina mataruma. Rudi ukanitie mbavu."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, lakini sikujua nianzie wapi, kwa sababu mashua huonyesha mbavu zake, na mtu aliyevaa ngozi na shati hazionyeshi. Jibu nililipata siku chache baadaye, tena bila kulitafuta. Ami alikuwa ameketi kwenye kigoda ufukoni, goti moja mbele, akimshonea kijana mmoja wavu uliochanika. Macho yake hayaoni vizuri, lakini vidole vyake vinajua. Wavu ulikuwa umelala juu ya goti na paja lake. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mashua iliyopandishwa pwani, kwa hiyo nilimwona kutoka juu kidogo.

Kwa ghafula nikaona. Kila uzi wa wavu ule ulikuwa umelipanda goti upande mmoja na kulishuka upande wa pili. Juu ya goti, macho ya wavu yalikuwa wazi, makubwa. Kadiri yalivyoteremka ubavuni ndivyo yalivyoonekana kujibana, hata pembezoni yakawa nyuzi zilizosongamana. Hapakuwa na kivuli cha kutaja, maana jua lilikuwa nyuma ya mawingu. Hata hivyo, goti lile lilikuwa nene na la mviringo, lililonielekea mimi kabisa. Wavu ulikuwa umelichora kwa mistari mitupu.

Hayo ndiyo mafundisho yote ninayotaka kuyaleta kwenu leo. Mstari wa ukingo unatuambia mwili unaishia wapi. Mstari unaokatiza na kuuzunguka mwili unatuambia mwili umejaa kiasi gani, unapanda wapi, unashuka wapi, na unaelekea upande gani. Mimi naiita mistari hiyo mataruma ya picha, kwa heshima ya ami.

Mambo haya si mageni kwenu kama mnavyodhani. Askari yeyote aliyesomeshwa ramani anaijua mistari ya kontua. Karatasi ni bapa, lakini mistari ikisongamana anajua kwamba mbele yake pana mteremko mkali, na ikiachana anajua kwamba miguu itapumzika. Katika kazi ya kuupima mlima Schiehallion huko Uskoti, iliyoanza mwaka 1774, mwanahisabati Charles Hutton aliunganisha kwa mistari sehemu zenye kimo sawa, na sura ya mlima ikajitokeza katika karatasi. Ipo tofauti ndogo: mistari ya ramani hufuata kimo kilicho sawa, na mistari ya mchoraji hufuata njia ambayo chungu angepita akitembea juu ya ngozi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Lakini jicho linaloweza kuusoma mlima katika karatasi litaweza pia kusoma bega.

Mfano mwingine uko miguuni petu hapa Kismayu. Mji wetu uko kusini mwa Ikweta kwa chini ya nusu digrii. Katika ramani ya ukutani Ikweta ni mstari mnyoofu kama uzi wa fundi. Katika tufe la shuleni mstari huo huo ni mkanda unaouzunguka ulimwengu. Liinamishe tufe kidogo mbele yako, na mkanda utapinda kwenda chini. Liinue juu ya macho yako, utapinda kwenda juu. Tufe halikubadilika. Kilichobadilika ni mahali jicho lilipo, na mpindo wa mstari ndio uliokujulisha.

Tena chukua noti ya dola, ambayo sote tunaishika sokoni, uitazame sura iliyochapwa humo kwa kioo cha kukuzia. Utaona kwamba shavu limejengwa kwa mistari myembamba inayolizunguka, na koti limejengwa kwa mistari inayofuata mkunjo wa kitambaa. Ufundi huo ni wa zamani. Mwaka 1649 mchongaji wa picha za kuchapa huko Ufaransa, Claude Mellan, alitengeneza uso mzima kwa mstari mmoja tu, ulioanzia ncha ya pua ukazunguka na kuzunguka hata ukajaza karatasi, ukinenepa penye giza na kukonda penye mwanga.

Lakini mchoraji ninayemkumbuka zaidi ni Henry Moore wa Uingereza, kwa sababu kisa chake kinatuhusu. Katika vita vya pili vya dunia, ndege zilipokuwa zikiupiga London kwa mabomu, maelfu ya watu walilala usiku katika vituo vya reli za chini ya ardhi. Moore, aliyekuwa mchonga sanamu, alichora watu hao katika miaka ya 1940 na 1941, wakiwa wamelala safu kwa safu ndani ya blanketi. Aliwazungushia miili mistari, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba anawafunga uzi. Wengi hawana nyuso za kutambulika, wala huwezi kusema huyu ni fulani. Hata hivyo kila mmoja ana uzito, na ukitazama unajua kwamba aliyelala pale ni mtu aliyechoka. Mama yangu, aliyelala usiku mwingi kwenye mikeka ya ukimbizi, nilimwonyesha moja ya picha hizo. Alisema neno moja: "Hawa wana baridi."

Sasa tuingie katika mazoezi yenyewe. Hayahitaji fedha. Penseli moja, karatasi ya daftari na dakika 20 kila jioni zatosha. Askari aliye zamu ya mbali anaweza kuyafanya kambini wakati wa mapumziko, na mkewe akayafanya nyumbani pamoja na watoto. Kisha wakatumiana karatasi zao.

Zoezi la kwanza ni la kopo. Lifunge nyuzi tatu: moja karibu na mdomo, moja katikati, moja karibu na kitako. Liweke sakafuni, ulitazame ukiwa umesimama. Nyuzi zote zinapinda kuelekea chini kama bakuli, na wa kitakoni umepinda zaidi kuliko wa mdomoni, kwa kuwa uko mbali zaidi na usawa wa macho yako. Kisha lipandishe juu ya kabati. Nyuzi zitapinda kuelekea juu kama upinde wa mlango. Mwisho liweke sawasawa na macho yako, na uzi wa katikati utaonekana umenyooka. Chora hali hizo tatu. Kumbuka kwamba kila mkanda ni duaradufu nzima, ingawa sisi tunaona nusu yake ya mbele tu. Kwa hiyo mwanzoni uchore mduara wote kwa penseli nyepesi, na nusu ya nyuma uifute baadaye. Pembeni mstari ugeuke kwa mviringo, usikatike kwa ncha kali.

Zoezi la pili ni la embe au kibuyu. Lizungushie uzi kwa upana, kisha kwa urefu. Hapa mistari haitalingana, kwa sababu kibuyu kina shingo na tumbo. Shinda na uzi mmoja mpaka umeujua. Kabla ya kuchora, pitisha kidole chako juu ya njia yake ukiwa umefumba macho. Fundi asiyeona vizuri ndiye aliyenifundisha hivyo, nami nimekuta kwamba mkono uliokwisha kuigusa njia huichora kwa uhakika.

Zoezi la tatu ni la mkono wa binadamu. Mfunge mtoto bendeji kuanzia kifundo cha mkono hata kiwiko, kama mnavyofundishwa katika huduma ya kwanza, kisha mwambie anyooshe mkono kukuelekea. Jambo gumu kuliko yote katika kuchora watu ni kiungo kinachokujia, maana ukingo wake ni mfupi, na mgeni hudhani ni mkono uliokatika. Hapo mistari ndiyo inayookoa. Kanuni ni hii: tumbo la kila mkanda huelekea upande ulio mbali nawe, na mdomo wa duara huelekea upande ulio karibu. Ngumi ikiwa mbele, mikanda itapinda kwenda kiwikoni. Mtoto akiurudisha mkono nyuma yake, mikanda hugeuka. Jaribuni kuchora mkono huo mara mbili kwa ukingo ule ule, mkibadilisha mipindo peke yake. Mtaona mkono mmoja unakuja na mwingine unakwenda.

Zoezi la nne ni la kichwa. Chora yai. Lizungushie mstari mmoja penye macho, na mwingine utoke utosini upite puani hata kidevuni. Mtu akiinamisha kichwa, mstari wa macho unashuka katikati kama kamba iliyolegea. Akitazama juu, unapanda katikati. Ukingo wa kofia hufuata sheria hiyo hiyo. Wengi huchora kofia imenyooka juu ya kichwa kilichoinama, kisha hushangaa kwa nini yaonekana imebandikwa kwa gundi.

Zoezi la tano, ambalo ndilo tamu, ni la mtu mzima aliyevaa. Hapa huna haja ya uzi, kwa maana nguo imekwisha kukufanyia kazi. Mistari ya kikoi inapozunguka kiuno, mkanda wa sare juu ya tumbo, ncha ya mkono wa shati, bangili, soksi yenye mistari ya mchezaji mpira: yote hayo ni mataruma yaliyo wazi. Yachore hayo kwanza kwa uangalifu, na nusu ya mwili itakuwa imekwisha kujengeka.

Nimefanya makosa mengi, na heri niyataje ili yasiwapotezee muda. Kosa la kwanza ni kupinda mistari yote upande mmoja, kana kwamba mtu ni bomba moja. Paja linaweza kuwa linakuja na muundi unarudi. Kila kiungo kina upande wake. Kosa la pili ni kuweka nafasi sawa baina ya mistari inayopita kwa urefu. Kumbukeni wavu wa ami: katikati macho hufunguka, pembeni hujibana. Kosa la tatu ni kuisahau mifupa. Mstari unaopita kifuani haupiti juu ya puto. Unapanda juu ya mfupa wa bega, unatumbukia penye shimo la shingo, kisha unapanda tena. Kosa la nne ni wingi. Mwezi wa kwanza nilimjaza ami mistari hata akafanana na maiti aliyesetiriwa kwa kamba. Mataruma huwekwa wakati wa kujenga. Mashua ikiisha, mbao huyafunika. Vivyo hivyo, mistari mingi ifuteni mwishoni, mkaiacha michache tu penye mpindo wa maana. Kivuli kikitiwa baada ya hapo, mtajua wenyewe mkipitishe wapi, na kitakuwa na kazi.

Nilifanya mazoezi hayo kwa miezi mitano. Kisha, siku moja kusi ilipokuwa imetulia, nilimwomba ami aketi tena kwenye kigoda chake. Nilianza na mstari wa kikoi kiunoni, uliolegea chini kwa kuwa mimi nilikuwa juu. Nikapitisha mmoja kifuani, mmoja mabegani kutoka bega hata bega kupitia nyuma ya shingo, mitatu katika paja lililonijia. Ukingo niliuchora mwisho kabisa, na ajabu ni kwamba haukunipa taabu; mistari yote ilipofika ilipopaswa kugeuka, ukingo ulikuwa umekwisha kujionyesha.

Mke wa ami aliitazama picha ile akanyamaza. Kisha akaiweka juu ya mkeka, akasema, "Huyu akiinuka, kigoda kitalia." Sijapata sifa iliyonifurahisha kuliko hiyo.

Niliituma picha Mombasa kwa mama, kwa mkono wa jamaa aliyesafiri, kisha nikaenda mwenyewe wakati wa likizo. Niliikuta imewekwa pamoja na ile picha ya zamani iliyobabuka. Mama aliniketisha, akaweka kidole chake juu ya mstari wa mabegani, akaupitisha polepole kutoka kulia kwenda kushoto, kama mimi nilivyokuwa nikifanya kwa kibuyu. Alipofika bega la kushoto akasimama.

"Hapa si baba yako," alisema. "La baba yako lilikuwa juu kidogo kuliko la kulia. Alikuwa akilibebea makasia tangu udogo wake."

Kwa miaka yote mama hakupata kuniambia hilo. Nilikuwa nimemwuliza mara nyingi baba alikuwaje, naye hujibu kama wajibuvyo watu wengi, kwamba alikuwa mtu mwema, mrefu wa wastani, si mnene. Ile picha ya ukingo haikuwa na mahali pa kushika neno zaidi ya hayo. Sasa palikuwa na bega, lenye kupanda na kushuka, na kosa lake lilionekana, na kosa likaleta kumbukumbu. Nikachukua penseli pale pale, nikainua mstari kidogo kama upana wa punje ya mchele. Mama akasema bado. Nikainua tena. Akasema, "Hapo."

Tulikaa hivyo mpaka magharibi. Aliniambia kwamba shingo ilikuwa fupi zaidi, na kwamba akiketi alilalia mkono wa kulia. Kwa kila neno nilihamisha mstari mmoja. Uso hatukuugusa. Mama hakutaka niubuni, nami naona alikuwa na haki. Kuchora kwa mataruma kunaweza kuujenga mwili kwa ushahidi wa mwili mwingine, lakini hakuwezi kumrudisha mtu asiyekuwapo. Picha ile haina uso mpaka leo. Ina kofia, shingo, mabega mawili yasiyolingana, kifua, na mkono wa kulia unaobeba uzito.

Hapana shaka wasomaji wengi wa ukurasa huu mna wazee nyumbani, na wengine mnaishi mbali nao kwa sababu ya kazi ya ulinzi. Siku hizi simu hupiga picha kwa kufumba na kufumbua, na ni jambo jema. Laiti baba angelikuwa na hata moja iliyosalimika. Lakini picha ya simu hupigwa kabla mpigaji hajatazama. Kuchora kwakulazimisha kuketi mbele ya mzee kwa saa nzima, na kulizunguka goti lake kwa jicho lako, toka ukingo hata ukingo. Mwisho wa saa hiyo utajua bega lipi liko juu, na yumkini utamwuliza sababu, naye atakueleza akiwa angali hai wa kueleza. Wahenga walisema, ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.

Ami yangu angali hai. Macho yake yamezidi kufungika, na hawezi kuiona picha niliyomchora. Nilipomweleza jinsi mama alivyonisahihisha, aliinyosha mikono yake, akajipapasa mabega yote mawili, la kulia kisha la kushoto, kama fundi apimaye taruma.

"Ni kweli," alisema. "Yule lilikuwa juu. Nilikuwa nimesahau."